Mama Eufrasia na Pua ya Boti

Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, boti ya Elikana ilipokuwa ikijiandaa kutoka Mwamgongo kwenda Kibirizi, abiria hawakukaa walipopenda. Walipangwa. Elikana, ambaye ndiye nahodha na ndiye mwenye boti, alisimama nyuma kando ya injini, mkono kiunoni, akapaza sauti kama mwalimu wa zamu:

"Wazito mbele! Wepesi katikati! Wenye maneno mengi njooni huku kwangu, injini iwanyamazishe!"

Halafu alivua kofia, akabadilisha sauti kabisa:

"Mama Eufrasia, karibu puani."

Hapo ndipo Mama Eufrasia alipoinuka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, anauza mawese, na mwili wake ulikuwa mkubwa. Si ule unene ambao watu husema "mama amenawiri". Mkubwa. Akiingia dukani, muuza duka anawasha taa. Alikunja kitenge hadi magotini, akaingia majini, akapanda kwa kushikilia bega la mtu yeyote aliyekuwa karibu, akaketi kwenye ubao wa mbele kabisa peke yake. Pua ya boti ikashuka taratibu, kama mwanafunzi mtoro aliyemwona mwalimu mkuu.

"Haya," abiria walisema. "Sasa imekaa."

Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka tisa. Bila Mama Eufrasia boti ile ilikuwa haiendeki, na kila mtu alijua, kwa sababu kuna wiki moja waliijaribu. Alikuwa ameugua malaria. Elikana akapakia mbele magunia mawili ya muhogo, na juu ya magunia akamkalisha katekista. Haikusaidia. Injini ilipopata moto tu, boti ilinyanyua pua ikasimama kama mbwa anayeomba mfupa. Elikana kule nyuma hakuliona ziwa tena. Aliona mbao, viatu vya katekista, na mawingu.

"Katekista!" alipiga kelele. "Mbele kuna nini?"

Katekista alikuwa amefumba macho, anasali. "Kuna Mungu!"

"Nauliza mitumbwi, Katekista! Mitumbwi!"

Walikosa kuparamia nyavu za watu kwa kama urefu wa kasia. Kesho yake abiria sita walikwenda kumjulia hali Mama Eufrasia, wamebeba kuku na samaki wanne, migebuka ya ziwani. Waliketi wakamtazama anavyokunywa uji kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. "Kunywa, mama," walimwambia. "Kunywa upone. Tunateseka."

Alicheka mpaka kitanda kikalia. Lakini walipoondoka alilia kidogo pia, kwa furaha.

Maana lazima ieleweke alikotoka. Alizaliwa Kidahwe, huko juu kwenye mahindi na maharage, ambako maji mengi aliyoyajua ni ya kwenye ndoo. Tangu utotoni neno alilolisikia kuliko yote lilikuwa "sogea". Kanisani, sogea. Kwenye benchi la darasani, sogea. Siku moja, akiwa kule Mwandiga, aliita bodaboda, kijana akamtazama, akashuka, akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akasema kwa huzuni: "Mama, kwa kweli upepo hautoshi." Na tairi lilikuwa gumu kama jiwe! Alipoolewa akaletwa ziwani, alihisi watu wa mitumbwi watamkimbia kabisa. Badala yake akakutana na nahodha anayevua kofia na kusema karibu puani. Dunia nzima ilikuwa imemwambia asogee. Boti ya Elikana ilimwambia aje mbele.

Tena kulikuwa na faida yake. Boti ikifika Kibirizi inatia pua kwenye mchanga, na aliyekaa puani ndiye anayeshuka wa kwanza. Wanunuzi wa mawese walimkuta yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Feliksi, ambaye naye aliuza mawese na alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, alikuwa bado ameminywa katikati ya watu wakati Mama Eufrasia ameshasalimiana na nusu ya wateja wa mwalo, pale boti zinapofikia. Feliksi alikuwa anaumia, na hakuficha.

Basi, Winfrida akarudi nyumbani.

Winfrida alikuwa binti wa kaka yake Elikana. Alikuwa amesomea ufundi wa injini mjini Kigoma, akarudi na ovaroli ya bluu, sanduku la spana, na tabia ya kusikiliza injini ameinamisha kichwa upande mmoja, kama daktari. Alitaka wenye boti wa Mwamgongo wampe injini zao azitunze. Wenye boti walitaka kwanza kucheka.

"Binti," alisema Eliakimu, mwenye boti mbili na tumbo moja kubwa, "injini inataka mtu wa kuipiga teke. Wewe utaiimbia?"

"Nitaanza na ya baba mdogo," Winfrida alijibu. "Ikienda Kibirizi na kurudi vizuri, na wewe mzee utaniletea yako."

"Na isipokwenda vizuri?"

"Basi nitauza vitumbua."

Wenye boti wengine wawili walikuwepo, wakasema nao wamekubali. Mambo yakawa hivyo: boti moja, safari moja, na jina la binti wa watu.

Jumatatu jioni Winfrida aliikagua injini ya Elikana pale pale ufukweni. Mama Eufrasia alikuwepo, anapanga madumu yake. Winfrida alichungulia pale injini inaposhikana na ubao wa nyuma wa boti, akapiga mluzi.

"Baba mdogo, hii ni nini?"

"Bolti ya baiskeli," Elikana alisema bila haya. "Pini yake ilianguka ziwani tulipogonga mchanga. Zamani hizo. Nikaweka bolti."

"Hapa kuna matundu matano. Mbona umeiweka kwenye tundu la mwisho huku nje?"

"Ili mguu wa injini ukae mbali na boti, usigonge mawe tena. Na pia boti inainua pua. Boti inayoinua pua ndiyo yenye nguvu. Ulishaona jogoo anatembea kichwa chini?"

"Jogoo hanywi petroli, baba mdogo."

Watu walicheka, Elikana naye akacheka, maana petroli ilikuwa kweli inamtafuna. Winfrida akavua kandambili yake moja, akaiweka ielee kwenye maji ya ukingoni, akachuchumaa. "Tazameni. Hii ni boti. Huku kwenye kisigino ndiko injini iliko. Mguu wa injini ukikaa mbali na boti, propela inasukuma na huku inakandamiza nyuma." Alibonyeza kisigino cha kandambili kwa kidole, ncha ya mbele ikanyanyuka juu. "Mguu ukiurudisha karibu na boti, propela inasukuma na huku inainua nyuma." Akaweka kidole chini ya kisigino, akakiinua kidogo, ncha ikashuka. "Ukizidisha inazama pua. Ukipunguza inapaa. Unatafuta katikati, boti ilale juu ya maji. Nitaweka pini mpya kwenye tundu la pili. Pua itashuka yenyewe."

Mama Eufrasia alikuwa ameinua dumu. Alilishusha.

"Yenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo mama, yenyewe."

Watu walikuwa wanatazama kandambili. Lakini Mama Eufrasia alirudi nyumbani na neno hilo, akala nalo, akalala nalo. Yenyewe.

Jumanne asubuhi abiria walikusanyika. Eliakimu na wenzake wawili walipanda pia, ili washuhudie kwa macho yao. Elikana akasimama nyuma, akaita wazito, akaita wepesi, na kwa mazoea ya miaka tisa mkono ukaenda wenyewe kwenye kofia.

"Mama Eufrasia, karibu puani."

Hajawahi kupanda haraka namna ile. Alikuwa ameshaketi kabla kofia haijarudi kichwani. Winfrida, aliyekuwa amekaa karibu na injini, alifungua mdomo. Akaufunga. Binti wa watu utamwambiaje mama mzima, mbele ya kijiji, kwamba...? Haiwezekani. Akaangalia maji.

Mwanzoni boti ilikwenda polepole, ikawa sawa. Kisha Elikana akaongeza moto.

Pua haikupaa. Pua ilizama! Ilichimba maji kama nguruwe pori aliyeingia shamba la muhogo. Mama Eufrasia alipigwa na wimbi la kwanza usoni, la pili kifuani, la tatu likampita juu likaenda kumtafuta katekista na koti lake. Halafu boti ikaanza kupinda. Kibirizi iko kusini. Boti ikaelekea magharibi. Elikana alivuta mkono wa injini kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo imesimama, boti ikarudi, ikapitiliza, ikatazama milimani, kisha ikakata shauri tena kuelekea Kongo.

"Elikana!" mama mmoja alilia. "Sina ndugu Kongo!"

"Kwani naipeleka mimi?"

"Binti ameharibu injini!" alisema Eliakimu, huku anakamua kofia yake, na ilionekana wazi kwamba hajawahi kuloa kwa furaha kiasi hicho.

Ila Mama Eufrasia, katikati ya maji yote yale, alikuwa na shughuli nyingine. Alikuwa anasikiliza. Miaka tisa kwenye ubao ule ilikuwa imemfundisha boti kwa njia ya makalio. Alijua mtetemo wa boti yenye mzigo mwingi na wa boti yenye mzigo mchache. Alijua wimbi linalopita chini na wimbi linalogonga. Na leo alihisi ubao chini yake ukikata maji kama kisu, ukishika, ukitaka kwenda unakotaka. Nyuma ilikuwa imenyanyuka, inaelea elea, haina pa kushika. Pua ndiyo iliyokuwa inaongoza. Na juu ya pua alikuwa nani?

Hakutaka kumaliza wazo hilo. Alijifuta uso.

Walifika Kibirizi wameloa. Kelele za abiria zilitangulia boti. Elikana alishuka, akamkabili Winfrida mbele ya watu, si kwa hasira, kwa aibu zaidi.

"Mwanangu, bolti yangu unayo?"

"Ninayo, baba mdogo."

"Irudishe mahali pake kabla hatujaondoka. Saa nane tunarudi."

"Baba mdogo, pini haina kosa. Ni mzigo wa mbele. Ulizidi kidogo."

"Mzigo gani? Mbele hakukuwa na mzigo. Alikuwepo Mama Eufrasia tu."

Katekista alikohoa. Feliksi alijikuna shingo akatazama juu, kana kwamba kuna ndege wa ajabu. Kila mtu pale alianza kuelewa, na kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuelewa kwa sauti. Winfrida alimtazama Mama Eufrasia, aliyekuwa amesimama kwenye mchanga na kitenge kinachuruzika. Akainamisha kichwa.

"Labda nimekosea mimi," alisema. "Labda ni pini. Nitarudisha bolti."

"Vitumbua vitamu," Eliakimu alisema. "Usiweke sukari nyingi."

Mama Eufrasia aliuza mawese yake. Wa kwanza kushuka, wa kwanza kuuza, kama kawaida. Lakini alisahau kuwatania wateja, mpaka mmoja akamuuliza kama kuna msiba. Saa sita alijitenga, akaenda kwenye kona tulivu ya ufukwe, nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa. Alitazama kulia na kushoto. Hakuna mtu. Akavua kandambili yake, akaiweka majini ielee.

Aliweka kidole chini ya kisigino, akakiinua kidogo kama alivyofanya Winfrida, akasukuma. Kandambili ikaenda vizuri, tambarare. Akaokota kijiwe, akakiweka kwenye ncha ya mbele. Akasukuma tena. Kandambili ikachimba maji, ikapinda, ikazama.

"Mawe!" alisema. Kwao Kidahwe ndivyo mtu anavyomwita mama yake akishtuka.

Alirudia mara nne. Akajaribu kijiwe kidogo zaidi. Akakisogeza katikati, na kandambili ikaenda vizuri tena, na jiwe lake juu, halidondoki. Alichuchumaa pale muda mrefu, mwanamke mkubwa na kandambili moja mguuni, anacheza majini.

Sasa alijua, na kujua kulimkera. Akinyamaza tu, bolti inarudi. Bolti ikirudi, pua inapaa, kofia inavuliwa, karibu puani. Hakuna atakayemlaumu. Hata Winfrida mwenyewe amesema kosa ni lake. Na akisema? Basi yeye ni abiria kama abiria wengine, na huko katikati neno wanalosema ni lile lile. Sogea.

Saa nane ilipokaribia, abiria wameanza kupanda, alimwona Winfrida kwa mbali, ameinama nyuma ya boti, spana mkononi, ameanza kulegeza pini. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya kazi polepole sana, kama mtu anayefunga begi ili aondoke asikotaka kuondoka.

"Wewe binti!" Mama Eufrasia aliita, sauti ikasikika mwalo mzima. "Acha hicho kitu!"

"Shikamoo mama. Baba mdogo amesema..."

"Marahaba. Nimesikia alichosema. Kaza."

Watu wakageuka. Mama Eufrasia akaingia majini, akapanda boti kwa ubavuni, akapita ubao wa mbele bila kuutazama, akaenda mpaka benchi la katikati, kati ya katekista na mama asiye na ndugu Kongo. Akaketi. Benchi likasema neno.

"Mama Eufrasia," Elikana alisema, kofia mkononi, amechanganyikiwa. "Unakwenda wapi?"

"Nimeshafika. Mzigo wa mbele ulikuwa mimi. Mlijua wote, mkatazama ndege. Washa injini."

"Sogea kidogo ma..." katekista alianza, akaona jicho lake, akamalizia: "...nisogee mimi."

Kiti hakikai wazi. Kabla injini haijawaka, Feliksi alikuwa ameshakimbilia puani, na hapo hapo amepanga mifuko miwili ya saruji aliyonunua mjini. Aliketi juu ya mifuko, ameinua kidevu, miaka tisa ya kuminywa imekwisha.

Waliondoka. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, mawimbi yanawasukuma kutoka nyuma. Kwa muda boti ilienda vizuri, na watu wakaanza kutazamana. Kisha wimbi moja refu likanyanyua nyuma, na Mama Eufrasia akahisi kule mbele pua ikishika. Kidogo tu. Winfrida alihisi kwenye injini. Mama Eufrasia alihisi kwenye benchi. Wote wawili walifungua midomo pamoja, lakini wa Mama Eufrasia ulikuwa na sauti zaidi.

"Elikana, punguza moto! Feliksi, wewe na saruji yako, huku!"

"Mimi ni mwembamba!" Feliksi alipinga.

"Wewe ni mwembamba, mifuko yako imenenepa. Inachimba. Ilete katikati, mmoja huku mmoja kule. Wewe baki, utatuambia mbele kuna nini. Na usiniambie kuna Mungu."

Hata katekista alicheka. Mifuko ikapitishwa mkono kwa mkono, boti imepoa. Elikana akaongeza moto tena, taratibu, kisha zaidi.

Na boti ikalala juu ya maji. Haikupaa, haikuchimba. Mawimbi yalipita chini yake yakiinua wote kwa pamoja na kuwashusha kwa pamoja, na nyuma yake mkondo ulinyooka. Elikana alishika mkono wa injini kwa vidole viwili. Alitazama mbele, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliliona ziwa lote mpaka mbali: mtumbwi wa wavuvi, kidevu cha Feliksi, milima inayokuja.

"Hii ni boti yangu?" aliuliza.

"Ni yako, baba mdogo. Na petroli utaona."

Mwenye boti mmoja alimgusa mwenzake kiwiko. Eliakimu alivumilia mpaka Mtanga, kisha akashindwa. "Binti," alisema, akitazama pembeni, "hiyo yangu ya pili nayo ina tabia ya kutazama juu."

"Ilete kesho, mzee. Nitaiimbia."

Mwamgongo walifika mapema, wakavu wote. Feliksi alishuka wa kwanza. Mama Eufrasia alishuka wa kumi na moja, alihesabu. Winfrida alimfuata hadi kwenye mchanga, akapiga goti kidogo, ovaroli na grisi yake hivyo hivyo.

"Mama, umeniokoa. Sijui niseme nini."

"Nani kakuokoa? Mimi nilichoka kuloa." Alitia mkono kiunoni, akanyoosha mgongo, akageuka kumwangalia Elikana aliyekuwa bado anaikodolea macho boti yake. "Wewe nahodha! Kuanzia Ijumaa hakuna mfuko wala mtu anayepanda bila mimi kusema akae wapi. Na lile benchi la katikati litandikie godoro. Ni gumu kama ugali wa jana."

Elikana alivua kofia.